Madoa yasiyopotea ukibonyeza: jinsi ya kuisoma ngozi ya mtoto, na lini usingoje asubuhi

Mombasa mtoto akitoka vipele jawabu la kwanza la kila mtu ni joto. Harara hiyo, mpake poda, mvue fulana alale na feni. Na mara nyingi ni kweli, kuanzia Januari mpaka mvua zije hapa kila mtoto ana harara shingoni na kwapani, mwengine kaumwa na mbu, mwengine ana upele wa kuwasha kautoa kwa wenziwe. Shida ni kwamba katikati ya hao wote huja mtoto mmoja mmoja ambaye vipele vyake si vya ngozi hata kidogo, ni vya mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, na huyo ukimpaka poda wiki nzima ngozi yaweza kupona yenyewe huku figo ama moyo vinaharibika na hakuna aliyejua.

Madaktari huita vaskulaitisi. Maana yake kinga ya mwili, ile ya kupigana na viini, inageukia kuta za mishipa ya damu, mishipa inavimba na kuvuja, kama mpira wa kumwagilia ulotoboka vitundu vidogo vidogo: maji hayamwagiki mahali pamoja, yanachirizika kila pahali. Damu ikichirizika chini ya ngozi ndio wewe waona doa. Si ya kuambukiza, na mama si wewe uliyemsababishia kwa kumlisha pweza ama mabuyu.

Mimi ni nasi (muuguzi), nimekaa kliniki za watoto muda wa kutosha kujua kwamba mzazi ndiye wa kwanza kuona, na ndiye wa kwanza kuambiwa "ni alaji tu, mpe dawa ya kuwasha". Kwa hivo nitaeleza unavyoangalia na utakachosema ukifika.

Kwanza kabisa: mtoto mwenyewe yukoje?

Usianze na doa. Anza na mtoto. Kama ana homa na ana madoa ambayo hayapotei ukibonyeza (nitakwambia unabonyezaje sasa hivi) na amelegea, ama shingo imekakamaa, ama mikono na miguu ni baridi na kifua kina moto, ama yuwatapika na hataki mwangaza, ama madoa yaongezeka huku wamtizama, wacha kusoma, toka. Hiyo yaweza kuwa viini vya homa ya uti wa mgongo vimeingia kwenye damu na hiyo haipimwi kwa siku, yapimwa kwa saa. Usipitie duka la dawa. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu yenye mtu wa kudunga sindano, kama uko Likoni usiseme lazima nivuke feri nifike hospitali kuu ya Makadara kwanza, ingia hospitali ya upande wako waambie mlangoni "mtoto ana homa na madoa hayapotei yakibonyezwa", wataanza antibayotiki ya sindano hapo hapo kisha ndio wampeleke mbele. Hayo maneno yaseme hivo hivo, sio "ana vipele", kwa maana "vipele" vitakuweka foleni.

Kipimo cha gilasi

Chukua gilasi ya kioo ya kunywea maji, iwe safi na haina maua wala rangi. Ikandamize ubavu wake juu ya doa, kwa nguvu ya kutosha ngozi ya pembeni igeuke rangi, huku watizama kupitia kioo. Doa likififia ama likipotea, damu iko ndani ya mishipa bado, mishipa imetanuka tu, hapo yaweza kuwa alaji, harara, shurua, vitu vingi. Doa likibaki pale pale na rangi yake, damu ishatoka nje ya mshipa na haina pa kurudi.

Sasa, vitabu vingi picha zake ni za watoto weupe, na wetu wengi ni weusi ama maji ya kunde, kwa hivo usitafute "wekundu", hutauona. Kwa mtoto mweusi madoa haya huwa zambarau iliyoiva, ama kahawia ya kuelekea weusi, ama yaonekana kama ngozi imepigwa na mwanga tofauti tu. Toka naye nje kwenye mwangaza wa mchana, taa za ndani zadanganya. Kisha angalia pale ambapo rangi ya ngozi ni nyepesi: viganja, nyayo, ndani ya kope za chini, kaakaa la mdomo kwa juu (tochi ya simu yatosha). Kipimo cha gilasi fanyia pia hapo. Baadaye pitisha kidole juu ya madoa ukiwa umefumba macho, najua yaonekana mchezo lakini kidole chajua kuliko jicho: yameinuka ama ni tambarare? Hili ni swali kubwa, tutalirudia.

Na hina jamani. Baada ya Idd ama harusi mtoto wa kike ana hina mpaka nyayo na ncha za vidole, yote nilosema ya viganja hayaonekani. Mwambie daktari ni hina, wengine si wa pwani na hawajui. Ile piko nyeusi ya kuchanganya na rangi ya nywele yenyewe yaweza kuunguza ngozi ikatoka malengelenge, hilo ni jengine kabisa, lafuata michoro ya maua vile vile ilivyochorwa kwa hivo ni rahisi kulijua.

Madoa yako wapi

Hapa ndipo penye habari nyingi zaidi, na watu hupaharakia.

Vaskulaitisi inayopata watoto zaidi ni ile ya IgA (aina moja ya kingamwili), jina lake la zamani ni Henoch-Schönlein, na hospitali wengi bado waandika HSP. Hupata zaidi watoto wa kati ya miaka 3 na 10, na mara nyingi huja wiki 1 mpaka 3 baada ya mafua ama koo. Madoa yake yana adabu, hukaa miguuni kuanzia vifundo kwenda juu, na makalioni, pande zote mbili karibu sawasawa. Tumbo na kifua mara nyingi huwa visafi. Sababu ni uzito, damu hushukia chini, kwa hivo ngozi inayobanwa ama iliyo chini ndiyo inayoumia zaidi: utaona mstari pale soksi za shule zilipokaza, ama pale mpira wa chupi unapofika. Mtoto mdogo ambaye hajaanza kutembea, yeye "chini" yake ni mgongo na makalio, na hata usoni na masikioni yaweza kutoka. Yameinuka, kidole chayahisi. Yaweza kuanza kama vivimbe vya alaji vya kuwasha kisha baada ya siku moja vikageuka zambarau. Na huja kwa mafungu, haya yameanza kuwa kahawia yapotea, mapya yatoka pembeni, hasa siku mtoto alipokimbia sana.

Sasa angalia tena hapo: makalioni na mapajani kwa nyuma. Mtoto wa miaka 6, ametoka shule ama madrasa, mama yuwamuogesha jioni aona makalio yana alama za zambarau. Nini kitafuata wajua mwenyewe, mwalimu ataitwa, ama dada wa kazi atafukuzwa usiku huo huo. Ama bibi aseme mtoto kafinywa na jini usingizini, akapigiwe kombe. Kabla ya yote hayo angalia umbo. Bakora huacha mistari, mara nyingi mistari miwili sambamba na katikati ngozi ya kawaida, na haiko sawasawa pande zote. Madoa ya IgA ni nukta na mabaka ya kutengana, yameinuka, yashuka mpaka vifundoni ambapo hakuna anayechapa. Sisemi watoto hawachapwi, wanachapwa na inabidi kuulizwa, kwa hivo muulize mtoto kwa upole akiwa peke yake, na mwache daktari aone kabla hujamlaumu wala kumsafisha mtu. Kombe kama ni kawaida ya nyumba yenu mpe, lakini anywee njiani kwenda hospitali.

Madoa kama ni tambarare, madogo sana ya ncha ya sindano, yametapakaa mwili mzima bila mpango, pamoja na michubuko mikubwa usiyoijua imetoka wapi, na fizi ama pua zatoka damu, hapo sifikirii mishipa, nafikiria damu yenyewe haigandi, chembe za plateleti zimeshuka. Akiwa yuwacheza na ana afya yaweza kuwa ni ile aina ya kushuka plateleti ambayo mara nyingi hupona. Akiwa mweupe viganjani, amechoka, amekonda, ana homa za kuja na kuondoka ama mifupa yamuuma usiku, apimwe damu kamili siku hiyo hiyo, kuna saratani za damu zinazoanza hivo. Katika ile ya IgA plateleti huwa za kawaida ama hata juu, kwa hivo kipimo kimoja cha bei ndogo chatenganisha mambo mawili makubwa. Usikubali kuondoka bila hicho.

Na tuko Mombasa, dengi (homa ya virusi inayoletwa na mbu) ipo, imewahi kutupiga hapa mara kadhaa. Dengi nayo hutoa nukta za damu, na homa kali na macho kuuma kwa nyuma. Ndio maana mtoto mwenye homa na madoa usimpe Brufen ama diklofenaki ya dukani kabla hajapimwa, kwa dengi yaweza kuongeza kutoka damu na kwa vaskulaitisi ya figo yaumiza figo. Panadol kwa kipimo cha uzito wake yatosha.

Tumbo, magoti, mkojo

Ukishajua madoa hayapotei na yako miguuni, uliza vitu vitatu.

Magoti na vifundo. Watoto wengi wa IgA, kama robo tatu, wavimba viungo, yuwachechemea ama hataki kushuka kitandani. Yatisha lakini ndiyo sehemu isiyoacha alama, hupona. Kama mtoto ana siko seli mueleze daktari mapema na umuoneshe madoa, kwa sababu maumivu ya viungo aweza kudhani ni ya siko seli tu.

Tumbo. Maumivu ya kuja kwa mawimbi, ajikunja kisha atulia. Mwengine tumbo huanza siku kadhaa kabla ya madoa na amekwisha kupewa dawa za minyoo mara mbili. Hatari hapa ni utumbo kumezana, sehemu moja yaingia ndani ya nyengine. Akitapika nyongo ya kijani, ama choo kitoke na damu ama kama rojo jekundu, ama tumbo limekuwa gumu, hiyo ni dharura kama ile ya mwanzo. Na nawaomba sana mtoto huyu asipelekwe kukandwa tumbo, wala asipewe dawa ya kuharisha "kusafisha". Mtoto wa kiume muangalie na korodani, zaweza kuvimba na kuuma, usione haya kusema.

Mkojo, mwisho kwa sababu hauumi na ndio wenye matata ya kweli. Rangi ya Coca-Cola ama ya chai ya rangi, ama wenye povu lisilokwisha, ama uso umevimba asubuhi. Lakini mara nyingi jicho halioni kitu, ni kile kijiti cha kuchovya mkojo tu ndicho kinachoona. Kwa hivo omba kijiti na presha ya mtoto siku ya kwanza, hata kama mkojo ni mweupe pe.

Homa ya siku 5: ugonjwa wa Kawasaki

Si pikipiki, ni jina la daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyeuandika mwaka 1967. Huu nao ni wa mishipa ya damu lakini ngozi yake ni tofauti kabisa, na gilasi hapa haitakusaidia kwa maana vipele vyake vyapotea ukibonyeza. Wengi ni chini ya miaka 5. Watu wafikiri ni wa Wajapani peke yao, la, kule ni wengi zaidi tu, watoto wa rangi zote wapata, na kwetu shida ni kwamba homa ikipanda hapa kila mtu aona malaria, kisha taifodi, kisha antibayotiki ya kwanza, ya pili, na siku zaenda.

Kinachokwambia ni homa ya juu siku 5 ama zaidi isiyosikia dawa, mtoto ana hasira hashikiki, na pamoja nayo vitu hivi: macho yote mawili mekundu bila tongotongo; midomo imekauka, imepasuka, myekundu, na ulimi una vipunje vyekundu; vipele vya mwili vya sura yoyote, na mara nyingi zaidi penye nepi, pale ngozi yaweza kuanza kubambuka mapema; viganja na nyayo zimevimba, ngumu, hataki kukanyaga; na tezi ya shingo upande mmoja. Vinne katika hivyo vitano na homa, daktari hahitaji kushawishiwa. Lakini vitu hivi havitoki siku moja, macho yaweza kuwa mekundu Jumatatu na yakawa masafi Alhamisi unapoonana na daktari, kwa hivo piga picha. Kila siku, mwangaza wa mchana, macho, mdomo, viganja, nyayo, mwili. Picha hizo zina maana kuliko kumbukumbu yako ukiwa hujalala siku nne.

Ishara moja watu hawaijui na sisi hapa tuna bahati nayo: chanjo ya kifua kikuu. Kenya mtoto hudungwa akizaliwa kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko na huacha kovu. Kwa Kawasaki, kwa watoto wachanga hasa, kovu lile laweza kuvimba na kuwa jekundu upya. Si kila mtoto, lakini ukiliona pamoja na homa ndefu, muoneshe daktari kwa kidole.

Watoto wa chini ya mwaka mmoja ndio wagumu, wao waweza kuwa na homa na ishara mbili tu, na ndio mioyo yao huumia zaidi. Na akipimwa akakutwa na malaria, atibiwe malaria, lakini homa ikiendelea baada ya dawa usikubali kuambiwa mdudu ni sugu, uliza "hii yaweza kuwa Kawasaki?" Vile vile vipele vikitoka baada ya antibayotiki kila mtu atasema dawa imemkataa. Yaweza kuwa kweli, na kama midomo na macho vyatoka malengelenge na ngozi yaambuka hiyo dawa iachwe hapo hapo na uende hospitali. Ila usiifunge kesi kwa sababu hiyo tu.

Ngozi kubambuka kuanzia pembeni mwa kucha, ya ncha za vidole ikatoka kama glavu, hiyo huja wiki ya 2 ama ya 3, homa ishaondoka na mama ashatulia. Ukiiona sasa hivi kwa mtoto aliyekuwa na homa ndefu mwezi huu, umechelewa kidogo lakini hujakosa, nenda akapigwe eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Bila matibabu kama robo ya watoto mishipa inayolisha moyo yapanuka. Dawa ya immunoglobulini (kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine) ya mishipani ikitolewa ndani ya siku 10 za mwanzo wa homa hatari hushuka mpaka karibu 5 kwa 100. Dawa yenyewe ni ghali, haipo kila hospitali, ndio maana siku zina bei: hesabu tarehe ambayo homa ilianza, iandike kwenye kijitabu cha kliniki.

Zile nadra nazitaja haraka: michoro ya wavu wa zambarau miguuni isiyoondoka mtoto akipata joto, vinundu vinavyouma chini ya ngozi, ncha ya kidole kuwa nyeusi, vidonda visivyopona pamoja na homa na kukonda. Hizo zataka daktari bingwa, omba rufaa.

Unapokwenda

Usimpake kitu siku hiyo. Si kalamaini, si mafuta ya nyonyo, si mkaa, si manjano, kwa maana rangi ndiyo ushahidi. Chora duara kwa kalamu ya wino kuzunguka madoa mawili matatu na uandike saa, ili ijulikane yaenea ama la. Beba dawa zote alizopewa na pakiti zake. Mvalishe kaptura ama nguo ya kuvua rahisi, na kama daktari hajamvua nguo ya chini mwambie, "daktari, mengi yako makalioni". Nimeona mtoto akiandikiwa dawa ya koo hali suruali haikufunguliwa.

Baada ya hapo

Ile ya IgA nyingi hupona ndani ya wiki 4 hivi bila dawa kubwa, kupumzika na dawa ya maumivu, wengine wapewa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa ajili ya tumbo ama figo. Theluthi hivi yaweza kurudi tena, mara nyingi ndani ya miezi ya mwanzo na kwa upole zaidi. Lakini mkojo na presha viendelee kupimwa, kila wiki mwezi wa kwanza kisha kwa kupunguza mpaka miezi 6, kwa sababu figo karibu zote zitakazoguswa huonekana ndani ya muda huo na mtoto akiwa yuwacheza mpira vizuri tu. Hapa ndipo wengi wapotea, miguu ishakuwa misafi, nauli ya tuktuk yauma, mama aona hakuna haja. Kama kufika hospitali kubwa ni shida, uliza kama zahanati ya karibu yaweza kufanya kile kijiti na presha ya mtoto, ni dakika chache, na waandike majibu kwenye kijitabu.

Kwa Kawasaki atapewa aspirini kidogo kila siku, wiki 6 mpaka 8 ama zaidi kulingana na eko. Hiyo ni moja ya mara chache sana mtoto hupewa aspirini, usimpe mwengine nyumbani kwa kuiga, na akipata tetekuwanga ama mafua makali akiwa anaitumia piga simu hospitali siku hiyo. Na chanjo ya shurua: baada ya immunoglobulini hufanya kazi vibaya, kwa hivo ile ya miezi 9 ama ya miezi 18 kawaida husogezwa miezi 11 mbele, isipokuwa shurua imelipuka mtaani, hapo yaweza kudungwa mapema kisha kurudiwa. Nasi wa kliniki ya chanjo hatajua kama hujamwambia, atamdunga kwa tarehe ya kijitabu, kwa hivo waombe wodini waandike jina la dawa na siku aliyopewa kwenye ukurasa ule ule wa chanjo.